Nani atalipa wa kwanza? Vijana wa kompyuta na feza ya mchimbaji

Kijana mmoja wa Kalemie alikuja kutuona na simu mkononi. Alisoma informatique hapa hapa mjini, na masomo yake yalilipwa na mawe: baba yake anachimba coltan upande wa Kisengo, katika territoire ya Nyunzu. Kijana ametengeneza programu ya simu. Mchimbaji anaifungua, anaona bei ya kilo, anaona depo gani inanunua, anachagua mahali pa kuuzisha. Tuliiangalia, ni kazi safi. Tukamuuliza: watu wangapi wameisha kuitumia? Akasema sitini na kitu. Na wangapi wamelipa? Akainamisha kichwa, halafu akacheka kidogo. Hakuna hata mmoja.

Tunaandika habari hii kwa Kiswahili, si katika kurasa za Kifaransa zinazosomwa na watu wa ofisi, juu inawagusa wachimbaji na jamaa zao mara mbili. Vijana wanaoanzisha kampuni changa za namna hii ni watoto wenu, na mara mingi mtaji wao wa kwanza ulitoka ndani ya shimo. Halafu, katika karatasi zao zote, pale wanapoandika neno "wateja", ninyi ndio mmeandikwa: wachimbaji wa Tanganyika. Mmeandikwa bila kuulizwa. Basi ni vizuri mjue mnatafutiwa nini.

Kinshasa imefanya sehemu yake. Tarehe 8 Septemba 2022 ilitoka ordonnance-loi namba 22/030 juu ya ujasiriamali na startup, yaani hizo kampuni changa zenyewe. Tarehe 13 Machi 2023 ikafuata Code du numérique. Ni sheria nzuri kusoma. Lakini sheria inaweza kukupa karatasi na nafuu ya kodi, haiwezi kukuletea mutu anayefungua mfuko na kutoa franga. Hapo ndipo vijana wetu wanakwama, na wakikwama wanakimbilia mashindano na miradi. Kalemie tunaujua ugonjwa huo. Tangu mapigano yalipofukuza watu mingi vijijini na kuwaleta kando ya mji, mashirika ya misaada yamekuwa mteja mkubwa wa kila kitu: nyumba, magari, mafuta, hata mawazo. Kijana anapata cheti cha mshindi, anapata dola kidogo, anapiga picha. Mradi ukifungwa, na kampuni inafungwa. Mashirika hayo yalilipia mradi wao wenyewe, na mradi ulipokwisha hawakuwa na haja tena na kitu chake.

Swali la nani analipa wa kwanza si swali la feza tu. Tuangalie mambo ambayo yameisha kutokea, na mengine yalitokea hapa kwetu.

Wazee wanakumbuka Telecel. Katikati ya miaka ya 1980, Miko Rwayitare, injinia mwenye asili ya Rwanda aliyesoma Ujerumani, alianzisha mjini Kinshasa, pamoja na Mmarekani mmoja, kampuni ya simu za mkononi. Ilikuwa kati ya za kwanza katika Afrika yote. Kifaa kimoja kilikuwa na bei ya maelfu ya dola. Wateja wa kwanza walikuwa wakubwa wa utawala wa Mobutu na wafanyabiashara wenye nguvu, watu waliohitaji kuongea wakati simu za posta zilikuwa zimekufa. Kwa kampuni, ulikuwa uchaguzi wa akili: walikuwa na shida kweli, na walikuwa na feza. Lakini juu wateja walikuwa wale, na bei ilibaki ya wale, na antena zilisimama kule wale walikoishi. Mama wa soko la Kalemie alingoja mpaka miaka ya 2000, wakati kampuni nyingine zilipokuja na inite za kununua kidogo kidogo, ndipo naye akawa mteja. Mteja wa kwanza anachora barabara, na wengine wanapita pale alipochora.

Sasa tuvuke ziwa, twende Kenya. Mwezi wa Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kujaribu kitu kipya: kulipa deni kwa njia ya simu. Walishirikiana na Faulu, nyumba ya mikopo midogo. Watu waliojaribu walikuwa karibu 500 tu, na mawakala 8, Nairobi na Thika. Wazo lilikuwa kwamba mtu aliyekopa arudishe mkopo kwa simu, basi. Lakini wale watu wakafanya mambo yao. Mmoja alimlipia rafiki yake deni, rafiki akamrudishia mkononi. Mwingine aliweka feza asubuhi kabla ya safari, akaitoa alipofika, ili asiibiwe njiani. Wengine walituma kwa jamaa kijijini. Wakubwa wa mradi waliona hayo, na wakakubali kwamba wateja wanajua zaidi yao. Mambo ya mkopo yakawekwa kando. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilifunguliwa kwa nchi nzima na tangazo moja rahisi: tuma pesa nyumbani. Kwetu Kongo Vodacom iliileta mwaka 2012, na leo mchimbaji akiuzisha mawe, mara mingi jambo la kwanza analotafuta ni kabine ya kutumia nyumbani.

Ona vizuri. Watu 500 na mawakala 8: hata sisi Kalemie tunaweza kupata watu 500. Na wale 500 walikuwa na shida ambayo walikuwa wanailipia tangu zamani kwa njia mbaya: nauli ya basi, bahasha kwa dereva, wasiwasi wa kuibiwa. M-Pesa haikuwafundisha kutumia feza, ilichukua mahali pa matumizi yaliyokuwako.

Jambo hilo hilo lilionekana katika taa za jua. Kampuni ya M-Kopa ilipoanza kuuzisha Kenya mwaka 2012, mteja alitanguliza shilingi 2,500, halafu akalipa shilingi 40 kila siku kwa mwaka mmoja, kwa simu. Kwa nini 40? Juu ni karibu na ile nyumba maskini ilikuwa inatumia kwa mafuta ya taa na kuchaji simu. Hawakumwomba mtu feza mpya.

Na kama mnadhani hayo ni mambo ya Nairobi tu, tupande kaskazini kwenye ziwa letu mpaka Baraka, territoire ya Fizi. Washikala Malango na Iongwa Mashangao walikulia kule. Vita iliwavusha wakawa wakimbizi Tanzania, katika kambi, wakasoma kwa mwanga wa kibatari. Mwaka 2013 wakaanzisha Altech, kampuni ya kuuzisha taa za jua Kongo, na baadaye vifaa vya kulipa polepole. Hao hawakuhitaji mtaalamu wa Ulaya awaambie mteja ni nani. Giza walilijua, moshi waliuvuta, na bei ya mafuta ya taa waliijua kwa moyo. Kijana wa Kalemie ana mali ya namna hiyo hiyo: ameishi ndani ya nyumba inayongoja feza kutoka machimboni. Ni ajabu kwamba mara mingi anaiacha mali hiyo mlangoni na kwenda kunakili programu ya Kinshasa ya kuagiza chakula.

Turudi kwa mawe, juu hapa ndipo mambo yanakuwa makali.

Wachimbaji wa Tanganyika wameisha kukutana na teknolojia mpya ambayo mtu mwingine aliilipia. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iitwayo Dodd-Frank, na ndani yake kifungu 1502 kikazilazimisha kampuni zao kuchunguza kama bati, tantale, tungstène na dhahabu yao vinatoka katika vita ya Kongo. Basi mwaka 2011, katika Katanga ya wakati ule, ulianza mpango wa iTSCi, wa vyama vya viwanda vya bati na tantale. Mnajua unavyokwenda: kiloba kinapimwa machimboni, wakala wa SAEMAPE (zamani SAESSCAM) anafunga etiketi yenye namba, anaandika katika daftari, kwenye depo ya négociant inafungwa etiketi nyingine, namba zinakwenda katika kompyuta, na mnunuzi wa mbali anajua kiloba kimetoka wapi.

Hatusemi mpango huo ulikuwa mbaya. Kuna mahali ambapo bila etiketi hakuna mnunuzi kabisa, na bila mnunuzi watoto hawali. Lakini angalia nani alikuwa mteja. Habari zinapanda kutoka shimoni mpaka kiwandani, hazishuki. Mnunuzi wa Asia anajua kiloba chako kilitoka shimo gani, wewe hujui kiliuzishwa ngapi. Ada inatozwa kwa tani wakati wa kusafirisha nje, na wachimbaji wanalalamika tangu miaka mingi kwamba mzigo wake unashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye bei ya kilo. Yaani mmelipa, lakini si kama wateja. Mteja anaweza kusema hapana.

Ndiyo sababu tulimwambia kijana wetu kwamba wazo lake halikuwa baya, ila alikuwa anauzisha kitu ambacho hakipo. Bei ya cassitérite ina kiongozi: bati linauzishwa wazi kwenye soko la London, na kila siku bei inatangazwa. Mchimbaji akiwa na mtoto mwenye mega kwenye simu, anaipata bure. Coltan haina soko wazi la namna hiyo. Bei yake inafuata teneur, asilimia ya tantale ndani ya jiwe, na mwenye kupima teneur ni nani? Ni yule yule anayenunua. Anaweka kidogo kwenye mashine, anasoma namba, anasema: yako ni ya chini. Wewe utabisha na nini? Bei ya kilo kwenye simu haina maana kama hujui jiwe lako lina nini. Watu sitini walifungua programu, wakaona namba nzuri, wakaenda depo, wakalipwa namba nyingine. Kwa nini walipe?

Lakini hapo hapo kuna kitu ambacho mchimbaji angelipia leo, na tunadhani angelipia bila kubembelezwa: kujua teneur ya mawe yake kabla ya kufika mbele ya mnunuzi, kutoka kwa mutu asiyenunua. Mashine ni ya bei kubwa, kweli, kijana peke yake hataiweza. Koperative inaweza kufikiri. Na hata kabla ya mashine, kuna kazi ya daftari: kuandika kila kiloba cha PDG wa shimo, kilipimwa ngapi, depo gani, siku gani, na kulinganisha. Baada ya miezi mitatu daftari linaanza kusema depo gani inapima chini kila mara. Hiyo haihitaji programu yoyote. Inahitaji kalamu, na kijana asiyeogopa vumbi.

Hapa tunagusa kosa ambalo tunaliona kwa vijana karibu wote. Wanatengeneza kwanza miezi nane, halafu wanatafuta mnunuzi. Ifanywe kinyume. Nenda kwa watu kumi, fanya kazi kwa mkono, pokea feza siku ile ile, hata kama ni franga mia tano. Mtu wa kumi akilipa, ndipo ukae mbele ya kompyuta. Na usiulize "unapenda?" Kwetu mtu hawezi kumwambia mtoto wa watu kwamba kazi yake haina faida. Atasema: "Aksanti, mutoto yangu, hii ni muzuri sana." Hiyo ni heshima tu, na vijana mingi wamekopa feza juu ya heshima. Uliza mambo yaliyopita: mara ya mwisho ulipotuma feza nyumbani ulifanya namna gani? Ilipotea kiasi gani njiani? Nani aliandika hesabu, na mligombana? Mtu akisimulia kwa hasira, kaa chini, pale kuna mteja.

Na huenda mteja huyo si mchimbaji. Machimbo mengi hayana mtandao, simu nyingi ni zile ndogo za vitufe, hakuna umeme wa kuchaji. Feza ya mchimbaji nayo haiji kwa mwezi, inakuja siku ya kuuzisha, halafu kimya. Ukimwomba alipe kila mwisho wa mwezi, umekwisha kumpoteza. Kalemie, kinyume chake, iko mke wake, anayepokea feza ile na kuigawanya: masomo, unga, deni la duka, likelemba. Iko mama anayepeleka samaki na unga machimboni kwa mkopo na kurudi na madeni kichwani. Yule mama ana hesabu ngumu kuliko depo. Anaweza kulipa kwa juma, juu yeye anauzisha kila juma. Mashuleni wangemwita opérateur économique, lakini katika karatasi za vijana hatukumwona hata mara moja.

Wengine watasema: mnahangaika bure, wateja wakubwa wanakuja. Manono ina lithium, Wachina wa Zijin wako pale, Waaustralia wa AVZ walifungua kesi, na sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi za sous-traitance zipewe kampuni za Wakongomani. Ni kweli, na vijana wajiandikishe. Lakini kampuni kubwa inaweza kulipa facture baada ya siku 60 au 90, na kijana mwenye franga za siku tatu hafiki huko. Na mwenye mteja mmoja tu mkubwa ni mfanyakazi bila mkataba.

Tunataka kusema pia juu ya bure. Kuna programu zitakazowafikia wachimbaji bila kuomba hata franga: jiandikishe tu, weka jina, shimo lako, kilo zako. Ulizeni: nani anamlipa huyu kijana? Anayekula anakula mahali. Orodha ya nani anachimba wapi na anatoa kilo ngapi ni kitu chenye bei kubwa mno kwa mnunuzi, na kwa watu wengine wabaya zaidi, wanaongoja barabarani siku ya malipo. Code du numérique ya 2023 inalinda habari za mtu, kwa kanuni zisichukuliwe bila ruhusa yake. Lakini ukibonyeza "nakubali" bila kusoma, ruhusa umeitoa. Kulipa franga kidogo kwa kijana mnayemjua, ambaye mnaweza kumfuata nyumbani kwao, mara mingine ni ulinzi.

Na jamaa nao. Tunaogopa kuwakosea, lakini tuseme. Mtoto akifungua kitu, wateja wa kwanza ni shangazi, mjomba na majirani, na wote wanachukua bure au kwa deni "juu ni wetu." Maduka mangapi ya Kalemie yamekufa namna hiyo? Kama kazi yake inakusaidia, omba akupunguzie, lakini lipa. Kama haikusaidii, mwambie kwa upole na kwa ukweli, juu yule mgeni asiyemjua hatamwambia, atapotea tu.

Yule kijana wetu alirudi majuma machache baadaye. Programu ya bei bado iko ndani ya simu yake, haigusi. Anaandika hesabu za mama watatu wanaopeleka unga na samaki upande wa Nyunzu: nani amechukua nini, nani atalipa akiuzisha. Kila Jumamosi anakaa nao, anawasomea majina, na anawatumia wadaiwa ujumbe mfupi kwenye simu zao ndogo. Kila mama anamlipa franga elfu mbili kwa juma. Mmoja alibisha juu ya bei, akaondoka, akarudi Jumamosi iliyofuata na daftari lake la zamani chini ya mkono.

"Papa, elfu sita kwa juma si kitu," alituambia. Tulimuuliza kama baba yake kule Kisengo anajua. Akasema anajua, na tayari ameuliza kama anaweza kuandikiwa viloba vyake pia. Tukamuuliza: atalipa? Akasema ndiyo sababu amekuja, hajui atamwambia baba yake bei gani.